Mifupa kwenye msingi: ni kaburi la kale?

SWALI: Tukichimba msingi hapa Kalenga tumekuta mifupa imelala kiubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Hakuna misumari wala ubao. Fundi anasema ni ya kale sana. Ni kweli? – Msomaji, Iringa

JIBU: Fundi kaharakisha. Kukunjwa magoti peke yake hakutoi umri, maana watu wamezikwa hivyo katika zama nyingi. Kukosa ubao nako si ushahidi, kwani mbao huoza, ila misumari huacha kutu. Marehemu wa Kiislamu huzikwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, ambayo kutoka Iringa ni kama kaskazini, lakini miguu huwa haikunjwi hivyo.

Tazameni udongo: shimo la kaburi huonekana kama doa lenye rangi iliyochanganyika, na ukingo wake ndio huonyesha lilikatwa kutoka tabaka lipi la udongo, la zamani au la karibuni. Mkiendelea na sururu, ukingo huo unapotea na hauwezi kurudishwa. Mkaa mkiukuta shimoni nao hudanganya kuhusu umri. Huenda ni wa moto wa zamani uliorudi shimoni pamoja na kifusi.

Pale Mlambalasi, mkoani Iringa, mifupa ya Zama za Mawe za Mwisho (maelfu ya miaka iliyopita) ilifukuliwa pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni. Eneo hilohilo kuna kaburi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa 1898. Mahali pamoja, nyakati tofauti kabisa!

Simamisheni kazi, msioshe mfupa wala kung'oa meno. Funikeni kwa turubai, piteni polisi kwanza, kisha afisa utamaduni wa halmashauri.