Kwa mwalimu anayeanza kufundisha urithi: swali la rangi za nywele

Ndugu mwalimu, ukifika kwenye mada ya urithi, jiandae kwa mwanafunzi atakayenyoosha mkono na kuuliza kwa nini nywele zetu ni nyeusi ilhali kaskazini mwa Ulaya wako wenye nywele za dhahabu na wenye nywele nyekundu. Nimelijibu swali hili kwa miaka mingi, mara nyingine vibaya, na jambo ninalokuomba ulishike kabla hujaingia darasani ni kwamba rangi ileile ya nywele inaweza kuletwa na sababu tofauti kabisa kwa watu tofauti. Kwa hiyo usimruhusu mwanafunzi, wala usijiruhusu wewe, kutazama kichwa cha mtu na kutangaza asili yake.

Anza na unywele wenyewe. Mabara yatakuja baadaye. Mimi huchomoa nywele mbili kichwani mwangu, mmoja mweusi na mmoja wa mvi, nikazilaza kwenye kipande cha kioo chenye tone la maji na kuzipeleka kwenye hadubini ya shule. Mwanga ukipenya kutoka chini, kingo za ule mweusi huonekana kahawia iliyokolea, na ule wa mvi hupitisha mwanga kama uzi wa nailoni, kwa kuwa hauna rangi nyeupe yoyote ndani yake bali keratini tupu, yaani protini inayounda unywele, iliyokosa chembe za melanini, ambazo ndizo huupa unywele rangi. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa jicho lake hahitaji maelezo marefu kuelewa kwamba rangi ya nywele ni suala la wingi na aina ya chembe. Hapo ndipo unapomweleza kwamba chembe hizo hutengenezwa na seli maalumu zilizo ndani ya kinyweleo, na kwamba melanini iko ya aina mbili: yumelanini, iliyo nyeusi au kahawia, na feomelanini, iliyo nyekundu yenye umanjano. Nywele nyeusi zimesheheni yumelanini, za dhahabu zina kiasi kidogo tu cha melanini, na nyekundu zimetawaliwa na feomelanini.

Kabla ya kutaja jeni, ondoa kwanza yale yasiyorithiwa. Mtoto wa pwani anayeshinda baharini hupaukiwa na ncha za nywele kwa jua na maji ya chumvi, na hina hubadilisha rangi ya unywele uliokwisha kuota. Mtoto mwenye kwashiakoo naye nywele hufifia na kuwa na wekundu, lakini akipata lishe nzuri, zinazoota upya hutoka na rangi yake ya kawaida. Wafundishe wanafunzi kutazama sehemu ya unywele iliyo karibu na ngozi, kwani hapo ndipo unapoonekana ulivyotoka kiwandani.

Sasa nikueleze kosa langu kubwa. Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi kwamba nywele za dhahabu walizo nazo baadhi ya wenyeji wa Visiwa vya Solomon, katika Bahari ya Pasifiki, ziliachwa na mabaharia wa Ulaya. Sikuwa na ushahidi wowote. Niliona picha za watoto wenye ngozi nyeusi sana na nywele za kipilipili zenye rangi ya dhahabu, nikadhani rangi ile haina pengine pa kutoka ila Ulaya, na wanafunzi wakaandika nilichosema kwa sababu nilikuwa mwalimu wao. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha DNA za wenyeji 43 wenye nywele za dhahabu na 42 wenye nywele nyeusi. Tofauti ilijitokeza wazi mahali pamoja, katika jeni iitwayo TYRP1 iliyo kwenye kromosomu ya 9: herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 93, yaani kijenzi cha 93 katika protini inayotengenezwa na jeni hiyo, ambayo ingekuwa arjinini, imekuwa sisteini. Badiliko hilo halipatikani Ulaya. Lilizuka hukohuko Oceania, na mabaharia niliowasingizia hawahusiki.

Mfano huu ni hazina kwa kidato cha sita, kwa hiyo usiupite haraka. Badiliko lile hujificha: mtu huwa na nywele za dhahabu pale tu anapolirithi kutoka kwa baba na kwa mama. Katika Visiwa vya Solomon nakala zenye badiliko hilo ni asilimia 26 ya nakala zote za jeni hiyo. Waambie wanafunzi wazidishe 0.26 kwa 0.26, watapata 0.0676, yaani watu karibu 7 katika kila 100. Kisha wape idadi iliyoonekana visiwani: kati ya asilimia 5 na 10 ya watu wana nywele za dhahabu. Wakizidisha 2 kwa 0.26 kwa 0.74, ambayo ni sehemu ya nakala zisizo na badiliko, watagundua kwamba watu 38 hivi katika kila 100 wamebeba nakala moja huku nywele zao zikiwa nyeusi. Sijapata mfano mwingine unaowaonyesha vijana kwa uwazi hivyo kwamba hesabu ya ubaoni inazungumzia watu halisi.

Ukirudi Ulaya utakuta njia nyingine. Badiliko moja linalochangia nywele za dhahabu huko liko karibu herufi 350,000 mbali na jeni ya KITLG, mahali panapoiongoza jeni hiyo kwenye kinyweleo, na linapunguza nguvu ya kiongozi huyo kwa takriban asilimia 20 tu. Jeni yenyewe ni nzima na inaendelea na kazi zake nyingine, ikiwamo ya kutunza seli za damu, na ndiyo maana nywele hupoteza weusi bila mwili kudhurika. Badiliko hilo limekutwa hata katika mabaki ya mtu aliyeishi Siberia takriban miaka 18,000 iliyopita. Nywele nyekundu, ambazo ni nyingi zaidi Scotland na Ireland, hutokana hasa na MC1R, jeni ya kipokezi, yaani protini inayopokea ishara, kilicho juu ya seli zinazotengeneza melanini. Kipokezi kikiwa dhaifu, seli hutengeneza feomelanini badala ya yumelanini. Lakini usimwache mwanafunzi aamini kwamba kila rangi ina jeni yake moja. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha karibu watu 300,000 wenye asili ya Ulaya ulikuta sehemu 124 za DNA zinazochangia rangi ya nywele.

Swali la kwa nini rangi nyingine zilienea linahitaji uangalifu. Barani Afrika kuna tofauti nyingi za DNA kuliko bara lolote, lakini protini ya MC1R imebaki karibu bila kubadilika, kwa kuwa chini ya jua kali mtu aliyepungukiwa na yumelanini kwenye ngozi hupata hasara. Kwenye jua hafifu kizuizi hicho hulegea. Nywele zinaweza kupauka kwa sababu tu jeni ileile inahusika na ngozi, au kwa bahati, hasa pale kundi dogo la watu linapoanzisha makazi kisiwani na kuacha uzao mkubwa. Mwanafunzi akiandika kwamba nywele za dhahabu zipo kwa sababu zina faida, mwombe aitaje faida hiyo na aithibitishe.

La mwisho linahusu darasa lako hasa. Hapa Tanzania takriban mtu 1 katika 1,400 ana ualbino, na aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu hutokana na kukosekana kwa kipande cha jeni iitwayo OCA2. Nywele za manjano za watu hawa huletwa na badiliko jingine, si lile la Solomon wala yale ya Ulaya niliyoyataja. Ukiwa na mwanafunzi mwenye ualbino, zungumza naye faraghani siku moja kabla, na akisema hataki kutajwa, usimtaje. Kijana mmoja niliyemwomba hivyo alitaka yeye mwenyewe kufanya hesabu ubaoni. Kwa kuwa ualbino nao hutokea pale tu mtu anaporithi nakala mbili, alichukua kipeuo cha pili cha 1/1,400, akapata karibu 0.027, akaendelea hadi akafika kwamba, tukichukulia jeni ni moja, mtu 1 katika kila 19 amebeba nakala hiyo bila dalili yoyote. Darasa lilikuwa na wanafunzi 40. Akaandika chini ya hesabu yake kwamba wawili kati ya wenzake huenda wanayo, akaweka chaki mezani na kurudi kwenye kiti chake cha mbele.