Kugeuza AIFF na 8SVX kuwa SD2: mkuu usiiguse hiyo flashi kwanza!!

Mkuu simama hapo hapo. Umesema una nyimbo za kwaya alizoacha yule mmisionari, nyingine faili za sauti za AIFF za Mac (kompyuta za Apple) na nyingine 8SVX za Amiga (kompyuta za zamani), unataka zote ziwe SD2, aina nyingine ya faili la sauti, zifunguke kwenye Pro Tools (programu ya kurekodi na kuhariri muziki) ya zamani ya studio ya huku Kigoma, na mpango wako ni kuzigeuza hapo Tabora, uzijaze kwenye flashi, upitie kwa fundi akazikague kwenye laptop yake ya Windows, halafu flashi ipande treni. Ukauliza programu gani nzuri. Programu sio tatizo lako. Tatizo lako ni hiyo flashi na huyo fundi.

SD2 sio kama WAV jamani. WAV ya Microsoft na IBM ya 1991, na AIFF ya Apple ya 1988, taarifa zake zimo ndani ya faili lenyewe, ukilinakili popote zinaenda nalo. SD2 ni ya Digidesign, ya Mac za enzi zile, na Mac za enzi zile faili lilikuwa na pande mbili, upande wa data ambako kuna sauti tupu isiyo na maelezo yoyote, na upande wa pembeni wanauita risosi foki (resource fork), humo ndo pameandikwa sampuli, yaani kila kipimo kidogo cha sauti, ina baiti ngapi, ni sampuli ngapi kwa sekunde, na chaneli ngapi. Mambo matatu tu, lakini bila hayo Pro Tools inaliangalia faili lako na hailitambui kabisa.

Sasa sikia kilichotupata. Tulikuwa na kazi ya kwaya kwenye Mac G4, SD2 tupu, kila sauti na faili lake, za stereo zimegawanywa .L na .R. Tukanakili kwenye flashi ya FAT32, yaani iliyofomatiwa kwa mpangilio wa Windows. Mac ikiweka SD2 kwenye flashi ya namna hiyo, pembeni ya kila faili inatengeneza kijifaili chenye jina lilelile ila kinaanza na nukta na mstari wa chini, yaani SOLO.L inakuwa na ._SOLO.L yake. Hicho kijifaili ndo risosi foki yenyewe!! Kwenye Mac hukioni, ila ukichomeka kwenye Windows iliyowekwa ionyeshe vilivyofichwa unaviona vimejipanga, vidogo vidogo, na kweli ukiviangalia unaweza kuvidhania vibaya. Fundi wa duka moja la mjini akavitazama akasema hivi ni virusi vya flashi mzee, ngoja nikusafishie. Akaburuza mausi akavichagua vyote, shift delete, kwisha. Na hela ya kusafisha akachukua. Hakuuliza hata swali moja, hakuviweka hata pembeni, na Mac yenyewe ilikuwa imeshafomatiwa ikauzwa. Mpaka leo nikipita pale dukani damu inachemka, maana mtu hujui kitu unasema hujui, sio kufuta mali ya watu.

Halafu akaja mtaalamu wa pili, huyu wa kwenye grupu la WhatsApp, eti badilisha tu herufi za mwisho ziwe .wav itapiga. Haipigi! Jina sio kichwa cha faili, yaani yale maelezo ya mwanzoni mwa faili. Mwisho akapatikana kijana akazifungua kama data ghafi, yaani sauti isiyo na maelezo, akakisia sampuli 44,100 kwa sekunde, zikapiga, kila mtu akashangilia, CD zikachomwa na makava yakachapwa. Kumbe zilirekodiwa kwa 48,000. Ukipiga ya 48,000 kwa spidi ya 44,100, wimbo wa dakika 5 unakuwa wa dakika 5 na karibu sekunde 27, na sauti zote zinashuka kama semitoni moja na nusu. Kijana hajawahi kuisikia hiyo kwaya atajuaje? Mwalimu wa kwaya aliposikiliza akauliza huyu mama anayeimba solo ametoka wapi, na solo aliimba yeye mwenyewe mwalimu. Hela ya CD ndo ikaenda hivyo.

Kwa hiyo kanuni ni moja na naomba uishike hata ukisahau mengine yote: SD2 HAISAFIRI. Kinachosafiri ni AIFF. Hizo AIFF zako ziache zilivyo, 8SVX zifungue kwenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti) uzitoe kama AIFF ya biti 16, 44,100, tuma hizo, na SD2 itengenezwe huku Kigoma, ndani ya Mac ileile yenye Pro Tools, iwe hatua ya mwisho kabisa. Kama kuna SD2 ambazo tayari zipo na lazima zitoke, zifunge kwenye zip ukiwa bado kwenye Mac, na huku zifunguliwe kwenye Mac, katikati hapo asifungue mtu yeyote hata awe fundi wa nani.

Na kama kuna ambazo zimeshapotezwa upande wa pembeni usizitupe, sauti bado imo. Audacity, Import, Raw Data, weka biti 16 signed, Big-endian (mpangilio wa baiti wa Mac hizo, kubwa mbele), mono (chaneli moja). Ukisikia mvumo mkali kama redio isiyo na stesheni, mpangilio wa baiti umeugeuza au faili ni la biti 24. Ikipiga vizuri bado usiamini spidi, mpigie mtu aliyeimba asikilize. Mono ya biti 16 kwa 44,100 dakika moja ni baiti 5,292,000, kwa 48,000 ni 5,760,000, kwa hiyo kama kuna kaseti ya zamani ya wimbo uleule pima urefu wake, gawanya baiti za faili kwa dakika hizo, utajua ipi ni ipi.

Hiyo flashi kama bado iko mfukoni ibaki mfukoni. Kama umeshampa fundi mpigie simu sasa hivi, mwambie asifute chochote kinachoanza na nukta.