Wageni wanainuka kabla filamu haijaisha

SWALI: Sisi ni vijana tunaoongoza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Tumetengeneza filamu ya kuwaonyesha kabla hawajapanda mashua kuvuka. Ina dakika 22. Wengi wanainuka katikati, na tulipohojiana nje kunasikika upepo mtupu. Tumekosea wapi? – Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Dakika 22 ni nyingi mno kwa mtu ambaye mashua inamngoja. Shikeni 7. Msimulizi asiye na haraka husoma kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo andikeni maneno 400, si 700. Muda unaobaki ni wa picha na mawimbi.

Kubwa zaidi ni mnachoonyesha. Kuta mgeni ataziona mwenyewe akishavuka. Filamu impe yale ambayo jicho halitayapata. Chukueni birika la pembe nane la Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani. Wekeni kamera kwenye stendi, msiiguse, rekodini sekunde 15. Mchoraji achore juu ya picha hiyohiyo birika likiwa limejaa maji, kisha mchoro ujitokeze taratibu juu ya jiwe kavu. Kamera ikisogea hata kidogo, mistari haitalingana na mgeni hataamini.

Historia yote msiibebe. Msikiti Mkuu peke yake unatosha: sehemu ndogo ya kaskazini ndiyo kongwe, ile pana yenye kuba iliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 wasimulieni nyinyi wenyewe kwa mdomo, mbele ya ngome iitwayo Gereza. Hapo pia tahadhari: ngome ya kwanza ilikuwa yao, lakini kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani.

Upepo: maikrofoni ya kamera haiuwezi, na sifongo jembamba halisaidii kusi ikivuma. Tumieni ya kubana nguoni yenye kifuniko cha manyoya, shubiri moja chini ya kidevu, isiguse kola. Usimulizi rekodini chumbani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, feni imezimwa. Mawimbi yarekodini peke yake alfajiri, dakika 2 bila mtu kusema.

Picha za nje zimalizeni kabla ya saa 3 asubuhi, au subirini saa 10 jioni. Adhuhuri jiwe la matumbawe pichani huungua likawa jeupe tupu, na hakuna programu itakayolirudisha.

Bandani mchana projekta hufifia. Tumieni runinga ya inchi 43 au zaidi, mgongo wake ukielekea kwenye mwanga. Hifadhini filamu kama faili la MP4 lililobanwa kwa njia ya H.264, kwani runinga za zamani nyingi hugoma kwa njia mpya zaidi ya H.265. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4, ila dakika 7 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni kama MB 525 tu. Maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yaunganisheni ndani ya picha, mistari 2 kwa wakati mmoja. Tafsiri ikiwa faili la pembeni husahaulika siku flashi inapobadilishwa.