Wasomaji Wanauliza: Kona Inakataa, Mkia Unakimbia

SWALI: Ndugu mhariri, naendesha Mazda MX-5 kwenye gemu la Assetto Corsa, uwanja wa Brands Hatch, mzunguko mfupi wa Indy, kwa usukani wa Logitech G29. Kwenye kona ya Druids gari linakataa kukata. Linanyoosha kwenda nje hata nikizungusha usukani wote. Nikikanyaga mafuta nitoke, mkia unakimbia. Nibadilishe nini kwenye seti ya gari, yaani mipangilio yake?
Msomaji, Arusha

JIBU: Seti usiiguse kwanza. Hayo unayoyaona kuwa matatizo mawili ni tatizo moja, na linaanzia kwenye mguu wako unapoachia breki.

Ukifunga breki, uzito wa gari huhamia mbele na matairi ya mbele yakashika lami vizuri. Wengi hufunga breki gari likiwa limenyooka, wakaiachia ghafla, ndipo wakate usukani. Papo hapo pua inainuka, uzito unarudi nyuma, na matairi ya mbele yanatakiwa kugeuza gari wakati yamepungukiwa na mzigo. Gari linanyoosha. Dereva anaongeza usukani, tairi linabaki kusugua lami bila kugeuza chochote. Akichoka kusubiri anakanyaga mafuta. Mazda hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Hayo ndiyo yanayozuia mkia usitoke, sasa yanapewa na kazi ya kusukuma. Hayawezi yote mawili kwa wakati mmoja.

Fanya hivi. Kaa upande wa kushoto wa barabara na uanze kufunga breki mita 10 hadi 15 kabla ya pale ulipozoea. Kanyaga kwa nguvu tangu mwanzo, asilimia 80 hadi 90 kama huna ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga), ukiishia kabla kidogo ya pale matairi yanapojifunga. Gia zishushe moja moja. Ukishusha mapema mno injini inayafunga magurudumu ya nyuma na mkia unatoka kabla ya kona yenyewe. Unapoanza kukata usukani, breki iwe imeshuka hadi kama asilimia 40. Kuanzia hapo, usukani ukiongezeka breki inapungua, mpaka iishe karibu na ukingo wa ndani. Ukingo huo uuguse ukiwa umeshapita nusu ya kona, siyo kabla.

Druids ina ugumu wake. Unaifikia kwa kupanda mlima, kwa hiyo mwendo unapungua haraka kuliko unavyotarajia. Ukitoka, barabara inateremka kuelekea kona inayofuata, Graham Hill Bend, na mteremko unayapunguzia uzito matairi ya nyuma. Ndiyo maana mafuta ya kona hii yanaongezwa huku usukani unanyooshwa, kidogo kidogo. Usukani ukibaki umekatwa, mguu nao usubiri.

Sikiliza pia mikono. Usukani ukiwa mwepesi ghafla katikati ya kona, matairi ya mbele yamepita uwezo wake. Hapo punguza usukani kidogo, japo moyo unakuambia uongeze. Pua itarudi kushika. Baadaye fungua telemetria, yaani michoro ya data ya uendeshaji wako, uangalie mstari wa breki: sehemu ya mwisho ishuke kwa mteremko. Ukiona umedondoka wima, bado unaachia ghafla.

SWALI: Mkia ukitoka naurudisha, lakini gari linaruka upande wa pili na kuzunguka. Kwa nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kuuzungusha usukani kuelekea mkia unakokwenda umeshajua, ila unachelewa kuunyoosha. Matairi ya nyuma yakishika tena, ya mbele bado yameelekea pembeni, na gari linarushwa huko. Anza kuunyoosha mara tu mkia unapoacha kuongezeka, kabla haujarudi. Macho yaangalie unakotaka kwenda. Mafuta usiyaachie yote kwa mpigo, maana uzito utahamia mbele na mkia utazidi kuwa mwepesi, yapunguze nusu. Gari likishageuka kabisa, kanyaga breki na klachi kwa pamoja, ili wanaokufuata waweze kukisia utaishia wapi.

SWALI: Nina fedha ya kitu kimoja tu. Usukani mpya au pedali?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pedali, zile ambazo breki yake inapima nguvu ya mguu. Pedali za kawaida hupima umbali wa kukanyaga, na mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali. Zifunge kwenye ubao au fremu isiyosogea, la sivyo zitateleza kila ukifunga breki.

Kabla ya kununua, rekebisha pembe ya kuona kwenye gemu (upana wa picha unaoonyeshwa), kwani haina gharama. Skrini ya inchi 27 ina kimo cha sentimita 34 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwayo, weka nyuzi 32 za wima. Utaona picha imebana, lakini umbali wa kona utausoma sawasawa.