Andika kabla hujasimulia: ushauri kwa wawinda majini na wanyama wa ajabu

Usiku wangu wa kwanza wa "uchunguzi" tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu na rafiki yetu wa Shela (ile ya Malindi, watu wa Lamu msinune). Mjomba wake ana shamba karibu na magofu ya Gede, na kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika kwamba mtoto mchanga analia mwembeni usiku, ukimulika humwoni. Tukabeba tochi, simu za kurekodia na chupa ya chai ya tangawizi. Yapata saa sita kilio kikaja. Kilipolia mara ya tatu tulikuwa tushafika barabarani. Simu zilirekodi vishindo vya miguu yetu.

Somo lenyewe nililipata asubuhi, barazani. Binamu yangu akasimulia kilio kilivyotufuata. Rafiki yetu akaleta macho mawili mekundu. Mimi macho sikuyaona, lakini kahawa ilipofika duru ya tatu nikawa naapa niliyaona, na mpaka leo nikifumba yangu nayaona.

Miezi miwili baadaye nilirudi mchana nikamuuliza mgema wa minazi ya jirani. Alicheka. "Huyo komba. Ananimalizia tembo langu la mnazi." Komba, mnyama mdogo wa usiku akaaye mitini, hulia kama kichanga, na macho yake yakimulikwa huwaka kama makaa. Basi huenda rafiki yetu aliyaona kweli! Lakini hatutajua tena, maana macho yale tulishagawana sote barazani.

Kwa hiyo kila mtu na daftari lake, na hakuna kuzungumza mpaka wote mmemaliza kuandika. Saa ngapi, ulisimama wapi, upepo ulitoka upande gani, mwezi ulikuwa wa ngapi, ulikula nini, uliogopa kiasi gani. Hofu usione haya kuiandika. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, mtu wa elimu yake, naye alieleza kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya zile kuta. Kunyamaza nusu saa baada ya kutishika ni kazi ngumu kuliko kulala makaburini. Jaribu uone.

Daftari lilinisaidia zaidi Lamu, kwenye nyumba moja ya kale ambayo wenyewe walisema imeingiliwa. Watoto wanaona vivuli, mama anasikia nyayo darini, asubuhi vichwa vinawauma. Niliwaomba waandike kila siku, hata siku ambazo hakuna kilichotokea (hizi watu huziacha, nazo ndizo zenye faida). Baada ya wiki tatu mambo yalijipanga yenyewe: vivuli vilikuja usiku wa mvua tu, jiko la makaa linapoingizwa ndani na madirisha kufungwa. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Inaumiza kichwa, inavuruga akili, na inaua. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Mkosaji alikuwa tanuri bovu la kupasha nyumba joto. Ukiitwa kwenye nyumba yenye majini, kabla ya yote uliza jiko linalala wapi.

Wanaopenda wanyama wa ajabu wataniuliza habari za nunda. Yule paka mkubwa kama punda alipata umaarufu Ulaya kwa kalamu ya William Hichens, aliyekuwa hakimu wa kikoloni Lindi miaka ya 1920, habari hizo zilipomfikia, ila makala yake ilitoka 1937. Huo ni muda mrefu wa kahawa barazani. Hichens huyo huyo ndiye aliyehariri Al-Inkishafi, utenzi wetu wa kale, na kwa hilo namshukuru zaidi.

Tofautisha na msitu wa Boni, huko huko Lamu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zimenasa sengi mkubwa (mnyama kama panya mwenye pua ndefu kama mkonga) ambaye wataalamu hawakumtambua. Hapakuwa na mtu pale wa kutishika wala wa kuongeza chumvi. Kamera moja ya namna hiyo, uifunge mtini uende ukalale, ina thamani kuliko vijana kumi wenye tochi.

Sasa jambo ambalo nililikosea vibaya. Nilimpelekea mjomba habari ya komba nikijiona bingwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai. "Haya, ni komba. Na huyo komba katumwa na nani, mwanangu?" Akageuza shingo polepole kuelekea nyumba ya bibi mmoja jirani, mjane, mwenye mvi.

Mwili ulinisisimka kuliko usiku wa kilio. Kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi huanza hivyo hivyo, kwa shingo kugeuka. Tangu siku hiyo naanza kwa kuuliza watu wanamshuku nani, kisha jina hilo siliandiki wala silitamki popote, na picha ya nyumba siipigi.

Jioni ile nilimrudia mgema nikamwomba msaada. Alikuja na kibuyu, akamimina tembo kwenye kifuu, akakiweka chini ya mwembe, tukakaa ukumbini kimya, taa imezimwa. Yapata saa tatu akashuka, mdogo, mkia mnene, akanywa kwa raha zake. Mjomba akawasha tochi. Macho mekundu, mawili.

"Alaa," akasema. "Kumbe na maembe yangu ni wewe!"