Busha halifichiki kwenye kikoi

Nilikaa na busha miaka minne na nawaambia ukweli, kilichouma zaidi ni kichwa sio huko chini. Busha lenyewe haliumi sana, linakuwa zito tu, balaa ni kuishi nalo. Mimi mtu wa Ngamiani, na Tanga mwanaume bila baiskeli anashangaza, basi nikaipaki uani, mtu akiuliza nasema ina pancha. Pancha ya miaka minne! Suruali nikaacha nikawa wa kanzu na vikoi, wazee msikitini wakanisifia eti kijana katulia, kumbe. Barazani siendi, usingizi hamna, mke wangu nikawa namgombeza makusudi ili akalale na watoto.

Mjomba akaniambia acha madafu. Nikaacha, likaendelea kukua. Madafu yanasingiziwa tu jamani, mara nyingi huku kwetu kinacholeta ni minyoo inayosambazwa na mbu, na mmojawapo ni yule anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro michafu, ndo minyoo hiyo hiyo ya matende. Na sio ung'atwe jana uvimbe leo, unaweza kuambukizwa ukiwa mtoto ukaja kuona dalili ukiwa na watoto wako. Vijidudu vyake hujaa kwenye damu usiku, ndo maana zamani upimaji ulikuwa usiku wa manane, mtu unagongewa mlango utolewe damu, hapo si lazima uwaze mumiani.

Hospitali mara ya kwanza yule wa dirishani akaniuliza "unaumwa nini?" sauti hadi foleni ya mwisho inasikia, nikajibu malaria. Nikapimwa, sina, nikarudi zangu nyumbani. Nyie mnaokaa madirishani punguzeni sauti bana, hamjui mnarudisha watu wangapi. Mara ya pili niliandika kwenye kikaratasi, "nina busha, naomba daktari mwanaume", nikakisukuma pamoja na kadi. Fanya hivyo.

Daktari akafunga mlango, akazima taa, akamulika tochi, mwanga ukapita ukawa mwekundu, akasema haya maji, ingekuwa ngiri kwa kawaida usingepita. Ila uvimbe ukija ghafla, unauma vibaya na unatapika, usingoje kesho, nenda saa hiyo hiyo. Na mtu wa mtaani asikutoboe na sindano, maji yanarudi na usaha juu.

Nikamwambia pia silali na kuna siku naona bora nisingekuwepo. Nilidhani atacheka. Akaweka kalamu chini akaniuliza tangu lini, na tukaongea tena mara mbili kabla hata sijapasuliwa. Kama unayo mawazo hayo yaseme humo humo chumbani usitoke nayo.

Operesheni yenyewe ganzi ya mgongo, nawasikia wanabishana habari za timu ya Coastal Union mimi nimelala hapo, haikufika saa nzima. Baada ya hapo usibebe ndoo, vaa chupi ya kubana, kidonda kikae kikavu, na baiskeli usiiguse mpaka uruhusiwe.

Mke wangu nilimwambia usiku wa kuamkia operesheni, nimejipanga na maneno natetemeka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba nanihii, hivyo vikoi nani anavifua?"