Buibui anayewinda bila utando

Umeuliza kama yupo buibui anayewinda bila kutega utando. Wapo wengi, ndugu yangu, na mmoja wa ajabu kabisa anaishi kando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Ni buibui mrukaji, kwa jina la kitaalamu Evarcha culicivora, mdogo wa kama milimita 5. Anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu. Kutung'ata anyonye mwenyewe hawezi, kwa hiyo damu anaipata kupitia mbu. Watafiti waliomchunguza Mbita, Kenya, walitangaza mwaka 2005 kwamba anamtambua mbu huyo kwa macho, na hata kwa harufu tu. Watoto wake ndio wanaonistaajabisha zaidi: mbu wa malaria akitua huinua tumbo juu, basi kabuibui kanazunguka nyuma, kanajipenyeza chini ya tumbo lile na kumkamata kutokea huko. Ukimkuta ukutani usimpige kandambili, tafadhali!

Yupo pia Scytodes, buibui mtema mate. Huyo humrushia mdudu ute wenye gundi, akamgandisha palepale kabla ya kumng'ata.